Popo Analala kwa Nani?

KAKA: Haloo, sema! Nani huyo? Nimepokea kwa kiwiko, mikono yote unga.

DADA: Mimi mdogo wako. Shikamoo, kaka.

KAKA: Aa, fundi cherehani wangu! Marahaba. Ongea kwa nguvu, mashine ya kukandia inakoroma hapa kumshinda marehemu baba.

DADA: Naisikia. Toka nje basi, nina neno.

KAKA: Neno gani tena Jumamosi mchana? Subiri… (mlango unafungwa, mngurumo unapungua) Haya, niko uani. Lete.

DADA: Mwalimu wa Popo kaja dukani kujaribu gauni lake.

KAKA: Mtoto kafeli?

DADA: Sijui. Nilikuwa nimemjaza pini mabegani, hawezi kwenda popote, ndipo akaanza kuniambia. Anasema mwanetu darasani— (mkwaruzo)

KAKA: Anafanya nini? Unakatika.

DADA: Analala macho wazi.

KAKA: (anacheka) Popo huyo! Jina nimempa mimi, niliona mbali. Usiku macho, mchana kuning'inia.

DADA: Na mimi nilicheka, kaka. Nilicheka na pini mdomoni. Mwalimu hakucheka.

KAKA: Walimu nao, kila kitu—

DADA: Anasema anamuuliza swali, mtoto anamtazama, kimya. Anamgusa bega, hashtuki. Juzi kaandika neno moja, hilo hilo, ukurasa mzima.

KAKA: Ujana huo, dada. Mimi tangu nina umri wake nakesha na tanuri. Nimekufa?

DADA: Wewe ukitoka kazini unalala mpaka nzi wanakuhurumia.

KAKA: Na yeye si hivyo hivyo? Sisi watu wa usiku tunalala mchana. Ndiyo kazi ilivyo.

DADA: Mchana yuko shule!

KAKA: Hilo najua. Nasema akitoka shule. Jioni. Hapo kwako.

DADA: Kwangu?

KAKA: Ee, kwako. Akija hapa baada ya chakula cha usiku namuuliza, umelala wewe? Ananiambia, nimelala, mjomba, mpaka nimeota.

DADA: Kaka, akitoka shule anakaa na mimi tunakunja pindo za watu mpaka tunakula. Kwangu halali. Anakuja kwako asome kidogo, una taa nzuri, halafu anaingia chumba cha nyuma analala. Godoro si nilileta mimi mwenyewe?

KAKA: Lile godoro…

DADA: Ee, lile.

KAKA: Dada, lile godoro nimepangia magunia ya unga. Yasipate unyevu.

DADA: Tangu lini?

KAKA: Tangu ulilete. Nilijua umeleta kwa ajili hiyo.

DADA: Basi usiku kucha anafanya nini huko?

KAKA: Anasoma. Akichoka anachati na wenzake, anachekacheka peke yake. Akichoka na simu ananipangia mikate. "Usiku ndio akili yangu inafunguka, mjomba." Mimi nikafurahi. Nikasema hatimaye tanuri limepata mrithi.

DADA: Muhula mzima!

KAKA: Na wewe hukumuuliza?

DADA: Nilimuuliza! Kaniambia analala kwako kama gogo!

KAKA: Na mimi kaniambia—

DADA: Mungu wangu. Ndiyo maana kichwa hakiachi kumuuma. Nguo zinampwaya, nazipunguza kiunoni kwa mikono yangu hii, nasema mtoto anarefuka. Juzi kashona mkono wa shati kwenye kola, tukacheka duka zima.

KAKA: Hapa alitia chumvi mara mbili. Mikate yote ikarudi. Nilimtania wiki nzima.

DADA: Tumecheka sana sisi.

KAKA: Usilie bwana.

DADA: Silii. Mwalimu anasema umri ule mwili ndio unajijenga usingizini. Ukiunyima, unajichukulia wenyewe. Haubishi hodi. Njiani, jikoni, popote ulipo un— (mkwaruzo) —zimika.

KAKA: Nimekuelewa. Leo namlaza kwa nguvu, kitabu nafungia kabatini, na simu pia.

DADA: Leo si kalala? Asubuhi kanipita mlangoni, anasema anakwenda kulala kwako, cherehani inampigia kelele.

KAKA: Dada.

DADA: Nini?

KAKA: Mimi kaniambia katoka kulala kwako.

DADA: Yuko wapi, kaka?

KAKA: Yuko hapa.

DADA: Hapa wapi? Wewe si uko uani?

KAKA: Yuko ndani. Msaidizi wangu ana homa, hakuja, kazi ya usiku haijaisha mpaka sasa. Popo akasema nipe mimi, nikaona ni kazi ndo—

DADA: Hiyo mashine ninayoisikia iko na nani?

KAKA: Anatia unga tu, dada. Kidogo kidogo. Kwa mkono.

DADA: Kwa mkono? Ingia ndani! Kaka, ingia!

KAKA: Naenda, naenda—

DADA: Usikate simu!

(mlango, mngurumo, mkwaruzo mrefu)

KAKA: Popo! We Popo!

DADA: Kaka?

(mngurumo unakatika)

DADA: Kaka, sema kitu. Kaka!

KAKA: Nimeizima. Nimeizima, dada.

DADA: Mikono yake. Niambie mikono.

KAKA: Iko. Yote miwili. Aproni ndiyo imeliwa, imemvuta kifua mpaka kwenye ukingo. Kati yake na vyuma hata kiganja hakipiti.

DADA: Ee Mungu, ahsante. Ahsante. Mpe simu niongee naye.

KAKA: Popo, shika simu. Shika.

DADA: Mpe simu!

KAKA: Nimemwekea sikioni. Sema.

DADA: Mwanangu? Mama huyu. Umeumia? Mwanangu?

KAKA: Haitiki. Macho yako wazi, ananitazama mimi.

DADA: Mshike bega.

KAKA: Nimemshika.

DADA: Mwite. Siyo Popo. Mwite jina lake.

KAKA: Nimemwita, dada, nimemwita. Mashine imezimwa, hakuna kinachozunguka, na yeye bado anachota unga. Anachota, anatia. Anachota—

DADA: Mshike mikono! Nakuja, nafunga duka sasa hivi, salio langu lina—

KAKA: Haloo? Dada? Uko hapo? … Dada, njoo. Nimemshika mikono, na bado anatia.