Nani Anaula Mpira wa Mdachi?

Gogo la kijiwe cha Muhidini muuza kahawa, mkabala na stesheni ya Korogwe, lilitosha watu wanne, lakini jioni hiyo waliketi watatu na pengo. Upande huu alikuwa Semboja, mfagiaji wa stesheni, aliyeitwa Simu kwa kuwa habari zake zilifika kabla ya zile za waya. Pembeni yake alikaa Sadala, aliyeitwa Hakimu. Alikwisha kuhudhuria baraza la boma mara mbili, zote akiwa mshtakiwa. Kisha pengo. Kisha Habakuki, mtunza motokaa ya Mdachi wa shamba la mkonge. Mipira miwili ya mbele ya motokaa hiyo ilikuwa imelika upande wa ndani hadi nyuzi zikaonekana, na upande wa nje ilikuwa mizima. Mdachi alisema kuna mtu anaikwangua ili auze mpira. Kesho asubuhi akida angekuja kuuliza watu, na jibu likikosekana, Habakuki angelazwa kifudifudi uani bomani apigwe viboko hamsa ishirini.

— Mimi simtaji mtu, alisema Simu, macho yakiwa kwenye miguu ya Habakuki. Lakini ndara hizo ni mpya.

— Ni za ngozi, kaka.

— Na ngozi hununuliwa kwa nini? Siku hizi kila mwenye kisu anagema mpira. Mwingine hagemi mti, anagema gurudumu. Haba na haba!

— Sasa mwizi gani akwangue ndani tu? aliuliza Hakimu.

— Mwizi mwenye haya. Mficha uchi hazai.

— Methali hiyo imeingiaje hapo? Muhidini aliuliza, akigonganisha vikombe.

— Imekuta mlango wazi. Wewe mimina.

Hakimu alikunywa, akafuta midomo.

— Mimi naona ni fisi. Mpira ule unamnukia kama ngozi. Analala chini ya gari, kichwa katikati, anatafuna kushoto, anatafuna kulia. Ndiyo maana nje hakugusi.

— Fisi anayechagua upande ametumwa, alisema Simu. Eti Habakuki, kwenu Magoma bado mnawafuga?

Habakuki alitoa mfukoni kamba ya mkonge yenye mafundo mawili, akainyoosha magotini.

— Nimeyapima leo, magurudumu yale mawili ya mbele. Kwa nyuma yanaachana hadi fundo hili. Kwa mbele, hadi hili. Mbele pamezidi vidole vitatu. Hayatazami njia moja. Kila moja linataka kwenda porini kwake, na barabara inaliburuta.

Simu aliruka.

— Mafundo! Jamani, mmeona? Amelifunga gari!

Hakimu alijisogeza pembeni, na pengo likazidi kuwa pana.

Pengo hilo ndilo aliloliona Bibi Swaumu wa Kwamsisi, aliyekuwa akienda Magoma kwa binti yake, mzigo wa tumbaku kichwani.

— Shikamoo, bibi, walisema wote.

— Marahaba, wanangu. Nipeni maji.

Alikaa, akavua ndara, akanywa. Akauliza kamba ile ni ya nini. Habakuki akamweleza kwa maneno machache, bila kuinua sauti. Bibi aliokota ndara yake ya kushoto, akaigeuza chini juu. Soli ilikuwa imelika upande wa ndani.

— Na hii nani kaikwangua?

Aliilaza ndara juu ya kamba.

— Tangu nilipoanguka mtoni, mguu huu unatazama nje. Ndara mpya haimalizi mwezi. Sijamshtaki mtu. Gari lenu lilianguka wapi?

— Halikuanguka, alisema Hakimu. Liligonga kisiki tu, kule Segera, wakati wa masika, likitoka Handeni. Mimi na Simu tulilivuta kwa...

Simu alimkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa.

— Nani alikuwa ameshika usukani? aliuliza bibi.

Filimbi ya stesheni ililia, ikanyamaza. Siku ile Habakuki alikaa nyuma, amekumbatia debe la maji. Usukani haukuwahi kumtoka Mdachi mikononi. Lakini neno hilo likitoka kinywani mwake yeye mshtakiwa lingeitwa uongo. Lilihitaji kinywa kingine.

— Kesho akida akiuliza, alisema Habakuki taratibu, mtamwambia?

Simu alitazama reli. Hakimu alianza, "Mchelea mwana kulia...", asiimalize. Akanyoosha kikombe.

— Muhidini, ongeza.

Muhidini alilinyanyua birika, akamtazama Habakuki, kisha akalirudisha.

— Simu, Hakimu, kahawa imekwisha. Nendeni mkalale.

Habakuki alikuwa karibu naye. Birika lilipotua juu ya makaa, aliisikia kahawa ikicheza ndani, nusu nzima.