Alama za Mkono wa Kushoto

Kijiwe cha Makuyuni, nje ya kibanda cha kuziba pancha, kina benchi moja, birika moja na wataalamu watatu. Wataalamu hao hawajapumzika tangu Mzee Athuman arudi kutoka Dar es Salaam, ambako madaktari walimpanua mshipa wa shingo uliokuwa umebana na kuacha ndani yake kijibomba cha waya kinachoitwa stenti. Alirudi na karatasi ya hospitali. Kijiwe kikaona upande wa nyuma ni mweupe, kikaanza kurekodi matokeo. Kila asubuhi Athuman anashika kikombe kwa mkono wa kushoto, ule uliolegea siku alipopata kiharusi kidogo, na Semboja muuza kahawa anahesabu hadi thelathini. Kahawa isipomwagika, mzee anapata alama.

— Kimya, jamani. Mtahiniwa, kikombe juu!

Athuman akainua. Kahawa ilitikisika, haikumwagika.

— Thelathini! Alama ya kumi na saba, — alisema Semboja, akaandika.

— Mnaona? — Hiza, fundi bomba ambaye kijiweni anaitwa Koki, alijipiga kifua utadhani stenti kaiweka yeye. — Mzee alikuwa anapata nusu inchi. Sasa ana inchi nzima.

— Inchi nzima shingoni? Huyu ni mtu au tangi la kijiji? — Aliyeuliza ni Denis, anayeitwa Profesa. — Mimi nimekaa hospitali miaka sita.

— Getini, — alidakia Semboja.

— Geti si sehemu ya hospitali? Wagonjwa wote walipita kwangu. Stenti ni waya, na waya unashika mawimbi. Tangu mzee arudi, simu yake imekatika mara ngapi?

— Haijakatika, — alijibu Athuman.

— Basi! Mnara anao shingoni.

— Ndiyo maana juzi kakumbuka goli tulilonyang'anywa na timu ya Kerenge mwaka tisini na nane, — alisema Semboja. — Na jina la refa.

— Damu imefika kwenye mafaili ya zamani hiyo, — alisema Koki. — Wakimwekea na upande wa pili, atakumbuka siku aliyozaliwa.

— Ila mvua ikinyesha asikae dirishani, — alionya Profesa. — Radi inapenda waya.

Athuman alicheka pamoja nao. Wodini alikuwa namba ya kitanda. Hapa alikuwa habari ya mjini. Jambo moja tu hakuwa amewaambia. Siku nne zilizopita Koki alimuuliza, huku anatafuna kashata: bomba jipya, dawa ya kuzibua ya nini tena? Athuman aliona hoja ina akili. Vidonge alivyopewa hospitali vilikuwa vinamfanya akijikata na wembe damu ichelewe kukata. Akavisukuma nyuma ya redio, juu ya kabati. Mkewe Mwaija akiuliza, anajibiwa "tayari". Na tangu aviache, mtihani hajafeli hata siku moja. Nani abishane na alama?

Kwenye ukingo wa benchi alikaa mama mmoja, Evodia, mwenye tenga la nyanya, akisubiri tairi la bodaboda aliyokuja nayo lizibwe.

— Shikamoo mzee. Pole na kuumwa.

— Marahaba, mama. Nimeshapoa.

— Naomba nione hayo matokeo.

Semboja alimpa karatasi kama anayekabidhi cheti. Evodia akaangalia alama, kisha akaigeuza. Alisoma kwa muda mrefu kuliko hesabu ya thelathini.

— Na huku mbele, nani amesoma?

Koki alimtazama Profesa. Profesa alilitazama birika. Semboja alilitikisa birika, ingawa lilikuwa limejaa.

— Matokeo yako huko nyuma, mama, — alisema Koki.

— Huku wameandika kwa Kiswahili, tena herufi kubwa. "Stenti haiponyi mkono. Inapunguza hatari ya kiharusi kingine. Meza vidonge vyote viwili kila siku. Usiache bila kumuuliza daktari. Damu inaweza kuganda ndani ya stenti na kuziba mshipa."

— Si nilisema? — alisema Profesa.

— Ulisema mnara, — alisema Semboja.

Athuman aliutazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa bado umeshika kikombe, umetulia. Alama kumi na saba, zote za mtihani ambao hospitali haikuutunga.

— Mzee, — Koki alishusha sauti, — lakini si unaendelea kumeza?

— Si wewe ndiye uliyeniambia niache?

— Mimi nilikuwa naongelea mabomba!

Athuman aliweka kikombe chini na kumgeukia dereva wa bodaboda, aliyekuwa anakaza nati ya mwisho.

— Nipitishe nyumbani nichukue vidonge, halafu moja kwa moja hospitali.

Evodia alikuwa ameshashusha tenga lake kwenye pikipiki.

— Nendeni. Nyanya zitasubiri.

Athuman akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaikunja na kuitia mfuko wa shati, kisha akapanda. Kijiwe kikaisindikiza pikipiki kwa macho mpaka ikaingia barabara kuu. Semboja alikuwa bado ameshika kalamu.

— Sasa kesho, — aliuliza, — tutaandika wapi?