Karatasi Mbili za Serwaa

Benchi la Malam Seidu muuza chai liko mkabala na lango la hospitali yetu, hapa Koforidua, na kila asubuhi tunalikalia watatu na chai zetu za maziwa ya kopo. Mwalimu Bonsu, mstaafu, tunamwita Kamusi. Attakora wa teksi ni Gia Tatu. Mimi ni Namba, kwa sababu kazi yangu pale ofisi ya kumbukumbu ni kugeuza maandishi ya daktari kuwa namba. Naingiza namba, kompyuta inatoa jina la ugonjwa, natia sahihi. Jumatatu hiyo habari ilikuwa moja tu: Serwaa fundi cherehani. Kanisa letu halifungishi ndoa bila karatasi ya damu, na karatasi yake ilisema amebeba homa ya ini. Mchumba wake, Ofosu, akamwacha, na Jumamosi akaoa mwingine. Mimi nilikuwa nakoroga tu chai yangu.

— Homa ya ini haimpati mtu hivi hivi, alianza Gia Tatu. Yule shangazi yake wa Nsawam ana kijicho, bwana wee!

— Acha ushamba, Kamusi akamkata. Ni mashine. Imeundwa kwenye baridi, damu yetu ya joto haiijui. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Mashine ikaelemewa!

— Mwalimu, hiyo methali ni ya ndugu.

— Kwani mashine haina ndugu?

Malam Seidu alicheka mpaka chai ikamwagika.

— Mi nasema Ofosu mwenyewe kainunua ile karatasi, Gia Tatu akaendelea. Alishapata mwingine, akawa anatafuta pa kutokea. Namba, wewe si uko humo ndani? Hebu tutegulie.

Nikawaambia. Serwaa alipata chanjo ya homa ya ini zamani, alipokuwa akifagia wodi zetu. Ukichanjwa, damu yako inatengeneza askari. Kipimo kiliwatafuta hao askari, kikawakuta. Hakuwa na ugonjwa, alikuwa na kinga.

— Sasa kaandikwaje mgonjwa?

— Kuna namba ya mwenye kinga, na kuna namba ya aliyebeba ugonjwa. Mafaili kwa siku ni mia na ishirini. Mtu anaona neno "chanya", hasomi ni kipimo gani.

— Mtu gani huyo? Achapwe bakora hapo langoni, watu wote waone! alifoka Gia Tatu.

— Aliyelala usimwamshe, alisema Kamusi, bila kujua alikuwa ananisitiri.

Ndipo mama yake Serwaa, Mama Birago, akatoka langoni na kuvuka barabara. Tulimpa pole sote kwa pamoja.

— Nimeshapoa, wanangu. Wamenipa nyingine, hii hapa, mhuri umegongwa. Inasema mwanangu ni mzima, ana kinga.

— Tumshukuru Mungu, mama, alisema Kamusi.

— Shela lake alilishona mwenyewe, miezi mitatu. Jana kalikata vipande. Anapangusia cherehani.

Hapo sikuweza tena.

— Mama, ile karatasi ya kwanza niliiandika mimi.

— Najua, baba. Sahihi yako iko kwenye zote mbili.

Hakupandisha sauti. Angenitukana, ningepata pa kupumulia. Gia Tatu, aliyetaka bakora, alikuwa anahesabu vifungo vya shati lake.

— Mchungaji anasema ameshafungisha, hawezi kufungua. Ofosu hapokei simu. Mwanangu hataki hata kuiona. Wewe ndiye unayezijua karatasi, baba. Niambie, hii niipeleke wapi?

Nilimtazama Kamusi, anitafutie japo methali isiyohusu. Akavuta kikombe chake, akanywa. Malam Seidu akamsogezea mama kikombe, naye akakaa katikati yetu, karatasi mapajani, akingoja nimjibu.