Cedric Hallam Tovey (1936–2024), Msikilizaji wa Mabomba, na Tone la Oili Lililomshinda

Marehemu Cedric Hallam Tovey alizaliwa Leamington siku ya Jumatatu, tarehe 9 Machi 1936, mtoto wa pekee wa mwoka mikate Ernest Tovey na mkewe Winifred. Mama yake alipenda kusimulia kwamba neno la kwanza la mwanawe halikuwa "mama" wala "baba", bali "nini", huku kidole kimenyooka kwenye bomba la jikoni.

Alisoma shule ya mtaani kwao, kisha akaingia sekondari mwaka 1947 na kutoka mwaka 1951 akiwa na zawadi moja tu, ya mahudhurio. Siku moja alitolewa nje ya darasa la hesabu kwa kulaza sikio kwenye dawati. Mwalimu alidhani amelala. Cedric alijitetea kwamba alikuwa anamsikiliza mtu anayepita korido ya chini, na kwamba kiatu cha kushoto cha mtu huyo hakina kisigino. Mwalimu alichungulia, akamwona mwalimu mkuu anapita, kisigino amekishika mkononi.

Septemba mwaka huohuo aliajiriwa na idara ya maji mjini Coventry, akadumu huko hadi tarehe 29 Machi 1996. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Alikuwa na fimbo ya chuma yenye kikombe cha mbao kichwani. Aliisimamisha juu ya bomba barabarani, akaegesha sikio, kisha akawaonyesha wachimbaji mahali maji yanapovuja chini ya lami. Rafiki yake Norman Bagley, aliyechimba miaka ishirini kwa kufuata kidole chake, anaapa kwamba hakuwahi kuchimba shimo la bure hata moja. Naomba mlishike hilo, kwa maana bila hilo yanayofuata hayana ajabu yoyote.

Mwaka 1971 marehemu alinunua gari dogo la michezo, la kijani, viti viwili, lililotengenezwa mwaka 1963. Magari ya rika lile huvuja oili kidogo, na kila mwenye nalo hulaza kipande cha boksi chini ya injini ili asubuhi ahesabu matone. Kwenye klabu ya wenye magari hayo walitaniana kwamba siku gari likiacha kuvuja, ujue oili imekwisha. La Cedric halikuvuja. Alikuwa anakwenda klabuni na boksi lake jeupe kwapani, na kwa kweli wenzake walimchoka.

Tarehe 14 Juni 1986 alimwoa Bi Doreen Askew, mjane, mama yangu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi, nimerudi nyumbani baada ya uchumba kuvunjika, na sikumtaka. Hakunikosea lolote. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba, basi. Kwa karibu mwaka mzima nilimwita Bwana Tovey, naye aliitika kwa adabu kila mara.

Wasifu wa marehemu si mahali pa anayeusoma kujieleza, lakini nimelibeba jambo hili miaka thelathini na saba na leo nalitua. Jumapili, tarehe 10 Mei 1987, wao wawili wakiwa wamekwenda Wales kwa basi kwa siku moja, nilichukua ufunguo wa lile gari kwenye kopo la biskuti. Nilitaka tu kukaa kwenye kitu chake bila ruhusa. Nikigeuza kwenye lango la shamba, nje kidogo ya mji, nilipanda jiwe. Sampu, yaani lile bakuli la chuma linalobeba oili chini ya injini, lilibonyea pembeni. Nikanunua rangi nyeusi, nikapaka pale palipochubuka, nikaliegesha gari sawasawa kama nilivyolikuta.

Jumatatu asubuhi palikuwa na tone moja kwenye boksi. Marehemu aliinama akaliangalia kwa muda mrefu, halafu akaniita. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa zawadi.

"Unadhani linatoka wapi?" akaniuliza.

Nikasema mimi sijui magari.

"Hata mimi silijui hili. Jumamosi tulitafute."

Nilikwenda kwa hofu. Nilitaka niwepo siku atakapogundua. Akanifundisha kwamba tone ni shahidi mwongo: oili hutoka juu, hutambaa chini, na gari likienda upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo mahali inapodondokea si mahali inapotokea. Tulianza juu. Tulisafisha injini ikang'aa, tukainyunyizia poda ya mama, tukazunguka mtaa mara tatu, tukafungua boneti. Kwenye poda palikuwa na mchirizi mweusi mwembamba chini ya kifuniko cha juu. Nilifurahi mpaka nikajisahau. Norman, aliyekuja kutazama, alitaka kuzikaza bolti kwa nguvu zake zote. Marehemu akamnyang'anya spana, akaniambia kwamba wengi huharibu hapo, kwani ukikaza mno, gasketi, yaani ule utando wa kuziba kati ya vyuma viwili, hujikamua ikatoka, na kinachovuja kidogo kikavuja sana. Tuliweka gasketi mpya, tukakaza taratibu kwa mzunguko.

Jumatatu tone lilikuwepo, dogo zaidi.

Basi tukaendelea. Mwezi mmoja vifuniko vya ubavuni, mwezi mwingine bomba la presha, mwaka mwingine kipumuo kilichoziba, kwa sababu injini isiyopumua husukuma oili nje popote inapopata upenyo. Kila mara tulipata kitu, na kila mara tone lilibaki. Nilihama, nikabadilisha shule tatu, na Jumamosi nyingi nilirudi. Sheria ilikuwa moja tu. "Chini nitaingia mimi," alisema. "Wewe shika tochi." Nilimshukuru Mungu kwa sheria hiyo.

Norman hakumwacha apumue. "Bomba lililo futi sita chini ya lami unalisikia, tone lililo mbele ya pua yako hulioni?"

"Bomba haliogopi kusikika, Norman," alimjibu, akaomba chai.

Oktoba mwaka jana moyo wake ulianza kushindwa. Alimsumbua daktari kwa maswali, akitaka kujua ni mlango upi wa moyo unaovuja na unarudisha damu kiasi gani. Jumatano, tarehe 31 Januari, nilikaa kando ya kitanda chake hospitalini nikamwambia kwamba nina neno kuhusu gari.

"Mambo ya gari ni Jumamosi," akasema, macho yamefumba.

Alifariki Ijumaa alfajiri, tarehe 2 Februari 2024, akiwa na miaka themanini na saba. Nililia kwa kumkosa, na nililia kwa kuwa ameondoka bila kujua.

Juzi nilimwambia mama. Alinishika mkono akanipeleka gereji, akasogeza rundo la maboksi ya zamani, na nyuma yake, kwenye msumari, ilining'inia pakiti iliyopauka, haijafunguliwa. Ilikuwa gasketi ya sampu. Risiti iliyobanwa pembeni ilikuwa ya Jumanne, tarehe 12 Mei 1987.

"Aliona rangi mbichi siku ileile ya Jumatatu," mama akasema. "Nikamwambia aiweke gasketi yaishe. Akasema, 'Doreen, amekubali kuja Jumamosi. Isiharakishwe.'"

Marehemu ameacha mjane, Bi Doreen, na rafiki, Bwana Norman Bagley, ambaye naomba sasa aache kumcheka. Ameacha gari moja la kijani, lililoegeshwa nje ya lango la makaburi haya na boksi chini yake. Hakuzaa. Ameacha binti mmoja, Gillian, ambaye hakuwahi kumwita baba akasikia, yeye aliyesikia kila kitu.

Baba, Mungu akupumzishe kwa amani. Kesho ni Jumamosi. Mama atashika tochi, chini nitaingia mimi.