Fundi Waya na Kijiji Kilichozinduliwa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Waya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne wa mfua vyuma na mkulima. Alizaliwa katika nyumba ileile ambamo mwili wake umetoka asubuhi hii.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972. Akiwa huko aliifungua redio ya mwalimu mkuu iliyokuwa imenyamaza, akaitengeneza, akairudishia vitu vyake vyote isipokuwa parafujo moja. Redio ikaongea. Alipoulizwa kuhusu ile parafujo, akajibu, "Hiyo ilikuwa ya ziada, mwalimu." Sekondari hakwenda, kwa kuwa zamu ilikuwa ya kaka yake. Akaenda chuo cha ufundi.

Mwaka 1979 aliajiriwa idara ya simu. Miaka mingi baadaye, serikali ilipotangaza kwamba kila nyumba ya kijijini itapata intaneti, alichukuliwa kwenye mradi. Kazi yake ilikuwa kuunga mkongo, yaani zile nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, akiwa ameinama ndani ya hema dogo kando ya mtaro. Vijiji vya wenzake vikawaka taa za kijani, zile za kuonyesha intaneti imefika, kimoja baada ya kingine.

Mwaka 1983 alimwoa mshonaji, mama yetu, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mama alizoea kuwaambia mashoga zake, "Nilidhani nimeolewa na mtu, kumbe nimeolewa na mtaro." Hata hivyo suruali zake za kazi alizishona magoti upya kila mwezi, na chakula chake hakikuwahi kupoa.

Septemba 2013 ilifika zamu ya kijiji hiki. Mgeni rasmi alishapangiwa siku, lakini mkongo ulikuwa bado uko mbali, ng'ambo ya mto. Wakubwa hawakutaka siku ipotee. Marehemu akapanda juu ya paa la shule, akafunga dishi la kuazima lililonasa mawimbi kutoka kilimani. Utepe ukakatwa, vigelegele vikapigwa, watoto wakaona picha zinatembea. Kesho yake dishi likashushwa, likapelekwa kwenye uzinduzi mwingine. Wanakijiji waliambiwa, "Tunarudi wiki ijayo."

Hawakurudi. Kule ofisini kijiji kilihesabiwa kimekwisha. Marehemu alistaafu mwaka 2017, na kuanzia hapo safari zake zote za mjini zilikuwa za jambo hili moja. Binti wa mapokezi alimzoea.

"Mzee, shikamoo. Lakini kijiji chenu si kilishazinduliwa?"

"Marahaba, mwanangu. Kilizinduliwa, ila intaneti hakina."

"Kwenye ramani mnayo."

"Basi nihamishieni kwenye hiyo ramani, nikaishi huko."

Binti alicheka, naye alicheka. Kisha alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akasema, "Wanalifanyia kazi." Mama akaacha kuuliza. Jambo lile lilimuuma, kwa sababu dishi alilifunga kwa mikono yake mwenyewe. "Ningekataa," alisema mara nyingi, "leo tungekuwa bado kwenye foleni. Sasa hata foleni hatumo."

Mwaka 2019 kitinda mimba wake alikwenda ng'ambo kufanya kazi ya uuguzi, akajifungua mtoto wa kike huko. Ili kuongea nao ilibidi kupanda kilima, kwani huku chini simu haishiki. Marehemu alipanda kila Jumapili, akipumzika kwenye mawe, mpaka mwaka 2022 moyo ulipodhoofika na miguu ikavimba. Tangu hapo akawa anapanda Mama, akirudi na picha za mjukuu. Marehemu aliishika simu, akaitazama picha iliyoganda, akauliza, "Hapa anacheka na nani?" Mama hakujua.

Mwaka jana mtaro ulifika hatimaye. Mkongo ukaletwa mpaka kwenye nguzo iliyo nje ya dirisha lake, ukaviringwa, ukafungwa, mafundi wakaondoka. Kuuingiza ndani asingeshindwa, hata kwa kuwaelekeza vijana akiwa kitandani. Lakini upande wa pili, kule mjini, haujawashwa hadi leo. Tulichoka kutazama ule mviringo, naye alichoka kuliko sisi.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, asubuhi, nyumbani kwake. Kabla ya kukata roho aliuliza kama taa imewaka. Mama akamwambia bado. Akasema, "Haya."

Ofisi ya mradi imetuma rambirambi kwa barua pepe. Tunawashukuru. Tumeipata jana, tulipopanda kilimani.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mmoja, na suruali ya kazi ambayo Mama amekataa tuigawe.

Kitinda mimba hakuweza kupata ruhusa ya kusafiri. Yuko macho huko aliko, amempakata mwanawe, anasubiri simu. Kwa hiyo baada ya kufukia, wenye magoti mazima tunaomba mtusindikize, Mama tutamshika mkono. Wasifu huu utasomwa tena kule juu, tangu mwanzo, wausikie na wao.

Mungu akupokee, Baba, akupe pumziko ulilolikosa. Kilimani tutapanda sisi.