Athanasi Gakunzi, Aliyeinuka Kitini Akiwa Hai

Mzee Athanasi Gakunzi, ambaye leo Jumamosi tarehe 16 Aprili 2016 tunamlaza katika ardhi ya Louisville, alizaliwa tarehe 14 Mei 1946 katika kijiji cha Rugarama, juu katika milima ya Kivu Kusini, Kongo. Karatasi zake za Amerika zinasema alizaliwa Januari mosi, kama zinavyosema karatasi za nusu ya watu walioketi hapa. Yeye tarehe yake aliijua, kwa sababu iliandikwa siku alipobatizwa. Kila Januari watu walipompigia simu kumpongeza, aliwashukuru kwa adabu na kuwaomba warudie mwezi wa Mei. Mwaka huu Mei haikumngoja.

Alikuwa mtoto wa tatu kwa wazazi wake. Alianza shule ya misheni akiwa na miaka tisa, akiwa amechelewa, kwa kuwa ng'ombe wa baba yake hawakuwa na mchungaji mwingine. Mwaka 1962 aliteremka Uvira kusoma ualimu, akamaliza 1966, na kuanzia hapo alifundisha hesabu katika shule za msingi, kwanza nyumbani milimani, kisha Uvira mjini. Wanafunzi wake wawili wako hapa leo, nao ni wazee. Wanasema hakuwahi kumpiga mtoto kwa sababu ya jibu baya. Alimwita ubaoni, akamwambia, "Tuonyeshe ulikopotelea," na mtoto akiandika upya hatua kwa hatua, alikutana na kosa lake mwenyewe njiani.

Tarehe 1 Agosti 1970 alifunga ndoa na Nyirarukundo, ambaye amekuwa mke wake kwa miaka arobaini na mitano. Mama husimulia kwamba kijana huyu mwalimu alikuja nyumbani kwao jioni nyingi mfululizo kusahihisha hesabu za kaka yake, na kwamba hesabu zile hazikuwa na kosa. Mungu aliwapa watoto sita. Wawili walimtangulia baba yao.

Mwaka 1979 baba yake alifariki, na hapo ndipo alipopata kiti. Kwa ajili ya wageni waliotoka makanisa mengine, ni vizuri kueleza kiti hicho ni nini, maana sehemu kubwa ya maisha ya Mzee ilikaa juu yake.

Katika milima yetu kulikuwa na nyumba saba, yaani koo saba, na kila nyumba ilikuwa na kiti kimoja katika Baraza la Juu. Wakubwa wa vijiji walikata shauri, Baraza la Juu likalithibitisha au likalirudisha. Kiti kilitoka kwa baba kwenda kwa mwana. Siku ya maziko, kabla ya udongo wa mwisho kutupwa, mkubwa wa baraza aliita jina la mrithi mbele ya watu wote, na mrithi akajibu, "Nipo." Hakuna aliyewahi kujibu neno lingine. Kukataa mbele ya kaburi la mzazi kulihesabiwa kuwa ni kumkana mzazi mwenyewe.

Mzee alipanda mlima kutoka Uvira kuja kumzika baba yake, akiwa na hakika kwamba ataitwa kaka yake mkubwa. Darasa lake lilikuwa linamngoja Jumatatu. Likaitwa jina lake. Alijibu, "Nipo," na hakurudi darasani tena. Miaka mingi baadaye alimwambia binti yake wa kwanza kwamba siku ile alizika watu wawili, na mmoja wao alikuwa mwalimu.

Kazi ile aliyopewa bila kuulizwa aliifanya kwa moyo wote. Kulikuwa na koo mbili zilizogombania chemchemi ya maji mpaka zikaacha kusalimiana kanisani. Mzee alikwenda akaketi kwenye chemchemi yenyewe, akasema kila anayekuja kuteka maji aketi naye kidogo. Hakuuliza kitu. Watu walichoka kunyamaza kabla yake, wakaanza kusema, na kesi ikaishia palepale na ndoo kichwani. Lakini kila chemchemi ilikuwa mbali na nyumbani. Watoto wake walikua wakimjua kama mgeni anayependwa sana. Alipokuja walimwekea maziwa, na kabla hawajamzoea alikuwa amekwenda.

Juni 2004 vita viliwavusha mpaka, yeye na familia yake, wakaishi kambini Burundi. Machi 2007 walifika Buffalo, katika jimbo la New York, theluji ikiwa bado imelala barabarani. Mzee alipata kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya asubuhi, akifunga mikate katika mifuko mpaka alipostaafu mwaka 2012. Alipenda kazi ile. Alisema mkate ukishafungwa umefungwa, hakuna anayekuja kukata rufaa.

Watu wetu walipokwisha kutawanyika Buffalo, Columbus na Louisville, mwaka 2009 waliunda jumuiya yenye mabaraza mawili. Baraza la Wajumbe lilichaguliwa na watu wote. Juu yake kulirudishwa viti vile saba. Lakini wenye viti walikuwa wachache na wazee, na wana wao walikuwa wamebaki Afrika, au wamekufa, au wako zamu ya usiku. Ndipo ikawekwa kanuni kwamba kiti kikibaki wazi bila mrithi, wenye viti wanaoishi katika mji huo watachagua mtu mmoja kutoka wanaume wa zile nyumba saba.

Kanuni ile ndiyo iliyozaa uchaguzi wa Kenmore, kaskazini ya Buffalo, Jumamosi tarehe 8 Februari 2014. Kiti kimoja kilikuwa wazi, wagombea walikuwa watatu, na mwenye kiti aliyebaki Buffalo alikuwa Mzee Gakunzi peke yake. Maana yake mpiga kura alikuwa mmoja. Asubuhi ile theluji ya ngazi zake iliondolewa mara tatu kabla ya chai, kila mgombea kwa wakati wake, na wa tatu hakukuta theluji akazifagia ngazi hivihivi. Katika chumba cha chini cha kanisa, Mzee aliketi kwenye kiti cha kukunja, katikati ya viti vitupu. Wagombea walihutubia wamevaa suti. Mmoja alianza kwa kusema, "Ndugu wapiga kura, wote mliofika," na akaendelea nusu saa. Kisha Mzee alipelekwa nyuma ya pazia, kwa kuwa kura ilikuwa ya siri. Mchungaji alihesabu, akatangaza kwamba Zenoni amepata kura moja. Wale wengine hawakupata kitu, na mmoja wao aliomba kura zihesabiwe upya. Zilihesabiwa.

Watu wamecheka habari hii miaka miwili sasa, na Mzee alicheka pamoja nao. Ila usiku ule nyumbani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mama alimuuliza, "Ulimuchagua juu ya nini?"

"Theluji, aliitoa muzuri," Mzee alijibu. Kisha akasema, "Lakini nyuma ya ile pazia, miye nilikuwa najificha nani?"

Tangu siku ile alianza kufikiria kiti chake mwenyewe kitakavyojazwa. Alikuwa na mrithi. Mtoto wake wa mwisho, Olivier, alikuwa anaishi Columbus, karibu na chuo kikuu, akisoma na kufundisha hesabu humohumo. Binti zake watatu, ambao ni wakubwa kwa Olivier, kanuni haikuwajua. Olivier hakukitaka kiti. Hakuwahi kusema hivyo kwa mdomo. Aliacha tu kupokea simu siku za Jumapili, siku ambayo wazee hupiga. Miaka mitatu mfululizo hakuja kwenye maziko ya mtu yeyote wa nyumba yetu, na wengine walimwita mwenye kiburi. Alikuwa anaogopa kaburi moja tu, lile ambalo angelazimika kwenda.

Septemba 2015 madaktari walimkuta Mzee na saratani ya tumbo. Oktoba alihamia Louisville kwa binti yake wa kwanza, Séphora, anayeishi Jeffersontown. Aliumwa bila kelele. Mjukuu wake Gaël alikuwa akikaa kitandani kwake na kazi za shule, na ingawa maswali yalikuwa kwa Kiingereza, Mzee aliweka kidole pale mtoto alipopotelea. Alisema namba hazijaomba ukimbizi, ziko kwao popote.

Februari mwaka huu, akiwa hospitali, aliwaita wenye viti wenzake wawili waliobaki, Zenoni wa Buffalo na Mzee Nyarugabo wa Columbus, ambaye ndiye mkubwa wa baraza. Aliwaambia anataka kuinuka kitini, na kwamba kijazwe kwa kura ya watu wazima wote wa nyumba yake, wanaume na wanawake, katika miji yote mitatu, na yeyote kati yao aweze kuchaguliwa. Zenoni aliinamisha kichwa, akasema yeye hawezi kuwa wa kwanza kupinga, kwa kuwa anajua alivyoingia. Mzee Nyarugabo ndiye aliyekataa.

"Gakunzi," alisema, "hakuna mutu alishatoka mu hii kiti akiwa anapumua."

"Bon," Mzee alijibu. "Munihesabu basi marehemu. Inabakia siku kidogo tu."

Mzee Nyarugabo alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha alilia, kwa sababu wawili hawa walichunga ng'ombe pamoja. Alipokwisha kufuta macho alikubali, kwa sharti moja, kwamba Mzee amwambie Olivier yeye mwenyewe.

Olivier alikuja kwa basi kutoka Columbus. Aliingia chumbani amevaa koti lake, na hakulivua. Mzee hakumzungusha.

"Siku ya kunizika, hawatakuita."

Olivier aliuliza, "Nani alisema?"

"Nyarugabo. Alisema mbele ya mama yako."

"Donc, wataita nani?"

"Hawataita mutu. Ile siku utakuwa mutoto mwenye anazika baba yake, basi."

Olivier alikaa chini. Hakusema asante, wala Mzee hakuingoja. Aliweka kichwa pembeni ya kitanda na akalala usingizi, na koti lake, kuanzia saa za mchana mpaka taa za barabarani zikawaka. Kila aliyeingia, Mzee alimwonyesha kwa mkono anyamaze. Sisi tuliokuwepo hatukuwahi kumwona akilinda kitu kwa uangalifu kama ule. Toka siku ile Olivier alikuja kila mwisho wa juma. Walizungumza hesabu, ambayo wote wawili walikuwa wameipenda kumbe, mmoja akiwa ameiacha na mwingine akiwa bado ndani yake.

Kura ilipigwa Jumapili tarehe 20 Machi 2016, baada ya ibada, Buffalo, Columbus na Louisville. Mama Nyirarukundo alipiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa haki aliyoipata kwa kuolewa katika nyumba hii. Aliporudi hospitali Mzee alimuuliza alimpa nani. Mama alivua kitambaa chake taratibu, akakikunja, akasema, "Pazia iko na kazi yake."

Jioni walipopiga simu kutoa matokeo, Mzee hakuuliza kwanza nani ameshinda. Aliuliza watu wangapi wamepiga kura. Akaambiwa wamepita mia mbili. Akasema, "Basi hiyo njo kura." Ndipo akasikia jina la Kanyange, binti wa nyumba yetu, ambaye wengi mnamjua kwa sababu amewatunza wazee wenu katika kazi yake hapa Louisville, na ambaye sasa ameketi safu ya pili na hapendi kutajwa.

Mzee aliishi siku ishirini baada ya hapo bila kiti. Zilikuwa siku nyepesi. Hakuna aliyempigia simu kuhusu kesi. Jumamosi tarehe 9 Aprili, alfajiri, alifariki nyumbani Jeffersontown, mkewe na watoto wake wakiwa karibu naye. Huzuni yetu ni kubwa, na hatutaificha. Lakini mtu anaweza kuhuzunika na kushusha pumzi kwa wakati mmoja, na ndivyo tulivyo leo.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja. Baada ya sala, udongo ukishaanza kushuka, kutakuwa na kimya mahali ambapo siku zote huitwa jina. Mzee Nyarugabo atasimama, kisha ataketi, kama alivyoahidi. Msigeuke kutazama upande wa Olivier. Amekuja kumzika baba yake.

Mzee Athanasi Gakunzi ameacha mke, Nyirarukundo, binti watatu, Séphora, Isaro na Dative, mwana mmoja, Olivier, wajukuu tisa, dada yake mmoja aliyeko Uvira, na wanafunzi ambao hesabu yao alikuwa ameipoteza yeye mwenyewe.

Baba, pumzika kwa amani. Kiti kina mtu.