Fundi Benchi na Mtu wa Saba

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Benchi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa pili wa mpiga chapa na mshonaji. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu wa hesabu alimtoa darasani mara mbili kwa kuchonga dawati. Mara ya tatu akamwomba alitengeneze lililovunjika. Mwaka 1970 aliingia karakana ya useremala, na huko ndiko alikozeekea.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, aliyesema mapema kwamba hataki mwanamume wa maneno mengi. Alipata alichotaka. Kwa hiyo mwaka 1986, mchungaji alipomwomba kaka aanzishe kikundi cha kujifunza Neno nyumbani, sote tulicheka. Yeye akaranda mbao, akatengeneza benchi la watu sita. Kila Jumatano walisoma mistari michache, kisha akauliza, "Haya, wiki hii tutafanya nini?" Jumatano iliyofuata aliuliza kama wamefanya, na hapo hukuwa na pa kujificha. Sheria yake ilikuwa moja: akija mtu wa saba, kikundi kinazaa. Alitengeneza benchi jipya, mmoja wa wale sita akaenda nalo nyumba nyingine pamoja na mgeni. Mabenchi yalifika kumi na manne. Ndiyo hayo mmeyakalia.

Lakini hatukuja kumvisha marehemu kilemba cha ukoka. Jumatano moja mwaka 1997, mtu wa saba alikuwa kifungua mimba wake, wa miaka kumi na sita. Kaka akamwambia, "Wewe ni wa saba, mwanangu. Utaenda na benchi jipya." Mtoto alilibeba na mmoja wa wale sita mpaka kwenye nyumba ya watu, akalitua mlangoni, akaenda zake. Hakurudi kikundini. Alipokuwa mtu mzima alimuuliza baba yake, "Umelea watoto wa kila nyumba. Mimi nafasi yangu ilikuwa wapi?" Kaka alikosea, na alijua.

Oktoba 2022 mapafu yalianza kumsumbua. Daktari alimkataza vumbi la mbao. Akaitikia kwa kichwa, akarudi karakana. Januari mwaka huu alianza benchi fupi. Wifi akamuuliza, "Hili la wangapi?"

"Wawili. Mimi na mwanangu."

"Na wa tatu akija?"

"Atasimama."

Kila Jumatano alimpigia mwanawe huyo wa kwanza simu, na mwanawe akasema atakuja kazi zikipungua. Pumzi zilimwishia kaka benchi likiwa limebakiza mguu mmoja. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi. Mwanawe alifika adhuhuri. Alipitiliza hadi karakana, akafunga mguu wa nne, akaketi upande mmoja mpaka jioni. Inauma, na sitawaambia haiumi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada anayesoma karatasi hii, na vikundi kumi na vinne. Benchi fupi liko hapa mbele, na mwanawe ameketi. Tafadhali msikae pembeni yake. Amesema hiyo ni nafasi ya baba.

Pumzika, kaka. Bwana akukalishe kwa amani.